Herufi Zinazocheka Zina Mahali Pake

Wanangu mnaotengeneza kadi, mabango na vipeperushi, nisikilizeni kidogo. Naona mnazipenda fonti za mwandiko wa mkono, zile zenye herufi zinazopanda na kushuka, zenye mikia mirefu na matumbo ya mviringo. Nami nazipenda. Ombi langu ni moja: kabla ya kuchagua fonti, jiulizeni ni nani anayesema, na anamwambia nani.

Chukueni mfano huu: mwaka 1994 mchora fonti Vincent Connare, akiwa Microsoft, aliona programu ya majaribio iitwayo Microsoft Bob. Ndani yake mbwa wa katuni alizungumza na mtumiaji, lakini maneno yake yaliandikwa kwa Times New Roman, herufi iliyochorwa kwa ajili ya gazeti. Connare akaona haviendani. Akafungua vitabu vya katuni alivyokuwa navyo, akatazama maandishi ya kwenye viputo, akachora fonti ya Comic Sans. Haikuwahi kuingia kwenye programu ile, ila ilisambaa na kompyuta za Windows, watu wakaibandika kila mahali hata pasipostahili, ikaanza kuchukiwa. Mwaka 2012 mwanafizikia Fabiola Gianotti aliitumia kwenye maabara ya CERN kutangaza matokeo makubwa ya fizikia, na wapo walioiacha habari wakaijadili fonti. Mimi siilaumu herufi ile. Ilizaliwa kwa ajili ya mbwa wa katuni, na kwa mbwa wa katuni inapendeza.

Basi fonti ya namna hii ipeni maneno machache, tena makubwa: jina la duka la maandazi, kichwa cha kitabu cha watoto, kadi ya siku ya kuzaliwa. Aya nzima inachosha macho. Tangazo la msiba, kamwe. Nambari ya simu na kipimo cha dawa viandikwe kwa herufi tulivu, maana kwenye fonti za mchezo 1 na 7 hufanana, na mtu akikosea hapo ameumia.

Kuna jambo linalotuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Lugha yetu imejaa a. Andikeni "maandazi" kwa ukubwa wa bango, mzitazame zile a mbili zilizoongozana. Mkono wa mtu hauandiki a mbili zilizo sawa kabisa. Zikilingana kama mhuri, mashine imejianika. Fonti iliyotengenezwa vizuri huwa na a za kubadilishia, zitafuteni mzitumie. Kisha andikeni "ng'ombe". Fonti nyingine huacha pengo baada ya g, neno likakatika vipande viwili. Zisogezeni herufi hizo kwa mkono, moja moja, hata kama mteja ana haraka.

Mkimaliza, chapeni nakala moja, ibandikeni ukutani, mrudi nyuma hatua kumi. Mwiteni mtu asiyeijua kazi hiyo aisome kwa sauti. Akikwama kwenye jina la duka, badilisheni fonti kabla bango halijaenda kuchapwa.