Bei Iliyopita Kiasi

Mara nyingi Wakristo wetu huuliza swali hili: Mtu akinunua kitu kwa bei kubwa kuliko thamani yake, tena kwa fedha yake mwenyewe, wala hakumwibia mtu, je, amekosa? Wengi hujibu upesi: Hakukosa, amepata hasara tu, na hasara ni mwalimu. Mimi nami zamani nalijibu vivyo hivyo. Leo nataka tulitazame swali hili tena, kwa kuwa limenipata mimi mwenyewe.

Nalikuwa nikiwafundisha vijana wa kipaimara habari ya dinari ya Kaisari, nikatamani waishike kwa mikono yao. Katika simu yangu nikaona mnada wa sarafu za kale, unaofanyika Ulaya kwa njia ya intaneti. Humo palikuwa na dinari ya Kaisari Tiberio, aliyetawala Rumi tangu mwaka 14 hata mwaka 37. Nikaazimu nisipite shilingi 400,000. Ilipofika saa sita ya usiku, watu wa nyumbani wamelala, mnada ukakaribia kufungwa. Mtu mmoja nisiyemjua akanipita. Nikampita. Akanipita tena; na kila tulipotaja bei mpya muda uliongezwa. Hata mwisho nikashinda kwa shilingi 760,000. Kisha ikaja ada ya dalali, ambayo katika minada hiyo mara nyingi ni sehemu moja kwa tano ya bei au zaidi, na gharama ya posta. Jumla yake ikawa 960,000. Fedha hiyo nalikuwa nimeiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba ya mama yangu.

Sarafu ilikuwa ya kweli, wala muuzaji hakunidanganya. Lakini baadaye nalijifunza ya kuwa si adimu. Tiberio alipiga dinari za namna ile miaka mingi, hasa katika mji wa Lugdunum, ndio Lyon ya leo katika Ufaransa, nazo zimesalia nyingi. Bei yake hupanda kwa sababu Wakristo huidhani kuwa ndiyo ile aliyoonyeshwa Bwana wetu walipomwuliza habari ya kodi, ijapokuwa hakuna awezaye kulithibitisha jambo hilo. Tena katika mfano wa shamba la mizabibu dinari moja ni ujira wa siku moja. Kwa fedha niliyoitoa mimi, kibarua wa shamba hapa Masumbwe angelima karibu siku mia.

Sisi tukaao katika nchi ya dhahabu twaijua mizani. Tangu mwaka 2019, lilipofunguliwa soko la dhahabu mjini Geita, mchimbaji huipeleka dhahabu yake, hupimwa, na bei ya gramu yajulikana. Sarafu ya kale haina mizani ya namna hiyo. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga mjini Tabora, katika karakana ya reli, sarafu za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Uzito wake ni gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ni dhahabu safi. Leo huuzwa minadani kwa bei ipitayo mara kadhaa thamani ya dhahabu iliyomo. Ziada hiyo hupimwa kwa nini? Hupimwa kwa tamaa ya watu wawili wa mwisho waliobaki mnadani.

Mwaka 1971 wahandisi watatu wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliandika habari ya makampuni yanayoshindania kwa zabuni maeneo ya mafuta baharini. Walionyesha ya kuwa mshindi mara nyingi hupata faida ndogo kuliko alivyotazamia. Sababu yake si ngumu. Watu kumi wakimkadiria ng'ombe mmoja mnadani, wengine watakadiria chini ya thamani yake na wengine juu. Atakayemchukua ni yule aliyekosea zaidi kwa upande wa juu. Basi mtu akishinda, na ajiulize kwanza: Mbona wenzangu wote wameniachia?

Lakini kosa langu halikuwa la hesabu peke yake. Mwaka 193 askari walinzi wa Rumi, wakiisha kumwua Kaisari Pertinax, waliinadi enzi yenyewe. Sulpicianus alikuwa ndani ya kambi, na Didius Julianus nje ya ukuta, na askari wakachukua habari ya bei huku na huku. Sulpicianus alipofika sesterti 20,000 kwa kila askari, Julianus akaongeza 5,000 kwa mara moja, akashinda. Akatawala siku 66 tu, akauawa. Nikisoma habari hiyo naona usiku wangu ule. Hapo mwisho sikuwa nikinunua dinari tena. Nalikuwa nikinunua kushindwa kwa mtu mwingine.

Labda mtu atasema: Mbona siku ya mavuno twanadi mlangoni pa kanisa, na kuku wa shilingi 20,000 hununuliwa kwa 100,000, nasi twapiga vigelegele? Ni kweli, huyo naye amepita kiasi. Lakini yeye aijua bei ya kuku sokoni. Ile 80,000 ameitoa kwa kusudi, na anajua inakokwenda. Basi neno si ukubwa wa bei tu. Yatupasa kuuliza: Ile ziada imetoka kwa nani, nayo imekwenda kwa nani? Yangu ilitoka katika paa la mama, ikaenda kwa watu wasiokuwa na haja nayo. Tena kama matajiri wawili wakishindania kuku yule ili mmoja amwaibishe mwenzake, basi hata mlangoni pa kanisa dhambi ni ile ile.

Kwa hiyo nawashauri, hasa ninyi wainjilisti wenzangu: mtu atakaye kuingia mnadani, wa ng'ombe au wa simu, na aitaje bei yake ya mwisho mbele ya yule atakayepungukiwa. Mimi nalificha yangu usiku; nayo kuificha ndiko kulikonihukumu.

Dinari ilipofika nalimpelekea mama, nikamweleza yote. Akaigeuza katika kiganja chake, akauliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Nikajibu, "Ni Kaisari, mama." Akanena, "Alikuwa anakudai?" Sikuwa na la kujibu.

Mvua za mwaka ule mama alizipitisha chini ya paa linalovuja. Mabati naliyapata baada ya mavuno. Dinari ningali nayo. Vijana wa kipaimara wakiishika, daima huniuliza bei yake. Nami huwaambia, na habari ya paa pia.