Siku Mana Ilipokoma

Tukisoma Yoshua 5:12 huwa tunapita mbio kwa sababu tunataka kufika Yeriko. Lakini hapo kuna jambo zito: mana ilikoma. Miaka 40 Israeli walikuwa wakiamka na kukuta chakula nje ya hema. Hakuna aliyelima, na aliyeweka akiba ya kesho alikuta mabuu (isipokuwa ile ya Sabato, najua kuna mzee atanikumbusha). Halafu wakavuka Yordani, wakala mazao ya nchi, na mana ikakatika. Fikiria mtu aliyezaliwa jangwani. Jembe hajawahi kulishika.

Hiyo habari hunijia kila tunapompokea ndugu aliyetoka kituo cha uraibu. Amekaa huko mwaka mzima. Kengele inamwamsha, chakula kiko mezani, simu iko ofisini, pesa hashiki. Sisemi ni vibaya. Pombe na heroini humwibia mtu uamuzi wake, na ukuta wa ndani ukibomoka lazima upate wa nje. Lakini akitoka tunampigia makofi Jumapili, halafu Jumatatu tunataka ajue kulipa kodi ya nyumba, kupika, na kukaa peke yake Ijumaa jioni na mshahara mfukoni.

Kuna kijana mmoja wetu (tafadhali msianze kukisia) ambaye nilijitolea kumsimamia. Mimi nilisomea biashara, nikaona hii ni kazi ya bajeti tu. Nikakaa na laini yake ya simu, pesa zake za kuosha magari zikawa zinaingia kwangu, na kila asubuhi namkabidhi shilingi 200. Nilijiona mchungaji mwema kabisa. Mwezi wa nane akaniuliza, "Pasta, nitajuaje nimepona kama sijawahi kupewa nafasi ya kukosea?"

Nilikosa jibu. Na hofu yangu haikuwa ya bure. Mwili uliokaa muda bila heroini hupoteza uwezo wa kuihimili. Mtu akirudia kipimo cha zamani anaweza kufa usiku huohuo. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba kumwamini mtu ni maneno matamu tu. Ikienda vibaya, tunazika. Je, nina haki ya kuhatarisha uhai wa ndugu yangu ili awe huru? Na je, nina haki ya kumweka hai kama mtoto mpaka azeeke?

Kule Marekani kuna watu waliolishika swali hili kwa mikono. Delancey Street, San Francisco, ilianza 1971. Mtu hukaa angalau miaka 2, na wakaaji wenyewe ndio wanaoendesha biashara za nyumba, kama kuhamisha mizigo. Oxford House ilianza 1975 huko Silver Spring, Maryland. Hakuna msimamizi anayelala hapo. Wakaaji wanalipa kodi wenyewe, wanapiga kura, wanachagua mweka hazina, na anayerudia ulevi anatoka. Soma tena hapo: mweka hazina ni mraibu anayepona, na wanaomkagua ni waraibu wanaopona.

Hawakungoja uthibitisho ndipo waamini, maana uthibitisho wenyewe hauji mpaka mtu aaminiwe kwa kitu. Hata chama cha akina mama hapa kwetu kinajua hivyo. Mwanachama mpya hapewi laki, lakini pia hanyimwi kabisa. Anaanza na kidogo, wenzake wakiangalia.

Basi nikamrudishia laini. Tulikubaliana kila Jumamosi aje kwangu tuketi na daftari, na siku akisikia kiu apige simu hata kama ni saa nane usiku. Mwezi wa kwanza pesa ziliisha tarehe 19. Alikuwa amenunua viatu. Viatu tu! Mke wangu alicheka, mimi nilitaka kulia. Sikumwongezea pesa, alikuja kula kwetu jioni, na daftarini akaandika mwenyewe pale alipokosea.

Jumapili iliyopita alileta fungu lake la kumi kwenye bahasha, bila kuambiwa na mtu. Nilijikuta nataka kumuuliza amebaki na ngapi. Nikaumeza ulimi.