Vileja Vilivyofungwa na Joto Lake

Mwaka 2024 Idd el-Fitr iliangukia Aprili 10, masika yamepamba moto, na hewa ya Unguja ilikuwa na maji hata chumvi ikashikana mezani. Mke mmoja kijana wa Ng'ambo alikuwa amepokea oda za vileja na nankhatai, ndoo kwa ndoo, kutoka kwa majirani na jamaa wa mumewe. Hakutaka yamkute ya kila mwaka: kuoka usiku wa kuamkia Sikukuu huku watu wakibishana kama mwezi umeonekana au bado. Akaanza mapema, kumi la pili la Ramadhani halijaisha.

Kuwahi hakukuwa kosa. Nalisema mapema kwa sababu kila aliyesimuliwa kisa hiki hurukia hapo hapo. Kileja cha unga wa mchele, sukari, samli, mayai na hiliki, kikiokwa kikakauka sawasawa, hukaa wiki mbili bila taabu. Samli nayo imeshachemshwa mpaka maji yake yakatoka, ndiyo maana huvumilia kuliko siagi. Kina bibi walivitia kwenye makopo ya bati na friji hawana. Wapo wanaokanda unga wa biskuti wakauweka kwenye friza, wakaja kuuoka siku ya haja, na ni njia nzuri, ingawa aliyekuwapo Unguja umeme ulipokatika tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 hawezi kulaumiwa akiitilia shaka.

Balaa lilitoka kwenye haraka ya usiku. Nankhatai alizioka alasiri, akaziacha mezani zimefunikwa kawa, akafuturisha watu, akaenda tarawehe. Aliporudi zilikuwa baridi kabisa, akazifungia. Vileja ndivyo vilivyobakia, na trei ya mwisho ilitoka saa saba za usiku. Daku bado, vyombo vimejaa, watoto wataamka asubuhi kwenda skuli.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa mkekani na tasbihi yake. "Viache vipumue mpaka asubuhi, mwanangu."

"Vimeshapoa, Mama," akajibu, kidole kikiwa juu ya kimoja.

Juu kweli kilikuwa kimepoa. Lau angekivunja katikati, angelikuta joto lingalimo. Akavipanga kwenye ndoo za plastiki, safu juu ya safu, akabana vifuniko mpaka vikalia. Ndoo ya mwisho ilibaki na nafasi, akaijazia visheti, maana chombo kingine hakuwa nacho.

Vileja vikaendelea kutoa mvuke gizani. Mvuke ukapanda, ukagusa kifuniko kilicho baridi, ukawa matone, na matone hayakuwa na pa kwenda ila kurudi chini. Kifuniko kile kile ambacho kingeuzuia unyevu wa masika usiingie kiliuzuia na huu usitoke. Kwenye ndoo ya visheti mambo yalikuwa mabaya zaidi: shira ikalegea, kikavu kikanyonya ubichi wa chenzake, na vyote viwili vikaharibika pamoja.

Ndoo zilifunguliwa mkesha wa Idd, wenye oda wameshaanza kupiga hodi. Ya kwanza ilitoa harufu ya stoo iliyofungwa siku nyingi. Alipokamata kileja kimoja vilinyanyuka vinne, vimegandana, na chini yake kuna madoa ya kijivu yenye manyoya. Chini ya kifuniko maji yalikuwa bado yananing'inia.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kuvikwangua madoa na kuvirudisha kwenye oveni. Mama mkwe akazichukua ndoo zile zenye ukungu akazimwaga jaani bila kuulizana na mtu, na mimi nasimama upande wake. Ukungu unaouona ni juu tu, mizizi imeshaingia ndani. Na sumukuvu, ikiwa imo, haiondoki kwa joto la oveni. Biskuti iliyolegea tu, haina doa wala harufu, hiyo inarudishwa kwenye moto mdogo dakika kama kumi, ikaachwa ipoe kabisa kabla ya kuguswa. Ndoo moja ilinusurika hivyo, akawawekea wageni wa nyumbani.

Nankhatai zilitoka kama zilivyoingia, kavu, zinavunjika kwa mlio. Wiki zile zile, oveni ile ile, ndoo za duka moja.

Pesa za vileja alizirudisha mlangoni, mteja mmoja mmoja, takbira zikisikika kutoka msikitini. Mmoja tu ndiye aliyekubali nankhatai badala yake, na yeye akaomba apunguziwe bei.