Bustani Isiyomchosha Mama

Mama zetu wengi wamezeeka, lakini bustani zao bado zinadai mgongo wa kijana. Tuwapunguzie kazi. Kwenye ile kona ya maua yanayotaka maji kila jioni, panda mchaichai na mshubiri, mimea inayovumilia kiangazi. Kati ya mashina tandaza majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 7, ila yasigusane na shina lisije likaoza. Siku mbili baada ya kumwagilia, yafunue kidogo: udongo chini yake bado mweusi, una unyevu, na magugu machache yaliyochipua yamepauka kwa kukosa mwanga. Mchicha nao uhamie karibu na bomba, kwenye tuta lililoinuliwa kwa matofali hadi kimo cha kiti, ili mama auchume bila kuinama. Jumamosi hii, nenda ukamjengee.