Nyumba Iliyofagiwa Ikaachwa Tupu

Somo: Mathayo 12:43–45



Katika somo letu Bwana Yesu anasimulia habari za pepo aliyemtoka mtu, akatangatanga asipate makao, akarejea kuitazama nyumba yake ya zamani. Akaikuta safi, ya kupendeza, lakini haina mwenyeji. Basi akawaita wenzake saba, wabaya kumshinda, wakahamia wote. Wafuga nyuki wa huku Katavi hawahitaji kufafanuliwa neno hili. Mzinga uliohamwa na nyuki haukai mtupu. Usipoushughulikia wewe, nondo wa nta ataushughulikia.

Leo nataka tulisikie somo hili mbele ya vyombo tulivyoviingiza nyumbani na madukani: kamera za ulinzi, ruta za intaneti, televisheni zinazounganishwa na mtandao. Kila kimoja ni kompyuta ndogo, kina mlango, na mlango huo waweza kubishwa hodi kutoka pembe yoyote ya dunia.

Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani walitunga programu ya uharibifu, ikaitwa Mirai. Haikuwa na werevu wa kutisha. Ilikwenda mlango hadi mlango ikijaribu majina na maneno ya siri 60 hivi, yale yale yanayowekwa kiwandani, kama «admin» na «12345». Mamia ya maelfu ya vyombo vikafunguka. Wenyewe hawakujua, maana kamera ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida.

Mtaniuliza: kama kamera yangu inafanya kazi, nimepoteza nini? Ndugu zangu, swali hilo ni jamaa wa karibu wa swali la Kaini. Novemba 2016 Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alitumia jeshi la vyombo vya namna hiyo kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar huko Liberia. Alikuwa amelipwa na mtu wa kampuni shindani. Vyombo vile vilituma maombi yasiyo na maana, vyote kwa pamoja, hata mtandao ukalemewa na wateja wakakosa intaneti. Mwaka 2019 mahakama ya London ilimfunga miezi 32. Wenye vyombo hawakushitakiwa. Nadhani wengi wao hata leo hawajui kwamba mali yao ilikwenda kumwumiza jirani wasiyemwona.

Sasa sikieni lililonifanya nifungue Mathayo. Mirai ilikaa katika kumbukumbu ya muda tu. Ukizima chombo na kukiwasha, ilifutika. Nyumba imefagiwa! Lakini neno la siri likibaki lile la kiwandani, iliweza kurudi ndani ya dakika chache. Umeme ukikatika hapa Mpanda, vyombo vyetu vyote vinatubu. Ukirudi, mlango uko wazi vile vile.

Nami nakiri. Ruta ya ofisi ya parishi ilikuwa na neno la kiwandani, limebandikwa chini yake kwa herufi kubwa, muda wote niliokuwa nikiwahubiria juu ya kukesha.

Basi wekeni mwenyeji nyumbani. Badilisheni neno la siri siku ile ile fundi anapofunga chombo, na lisiwe analolijua yeye. Pokeeni masahihisho ya programu yanayotolewa na mtengenezaji. Kama huhitaji kuitazama kamera ukiwa safarini Tabora, funga njia ya kuingilia kutoka nje. Tena jihadharini na visanduku vya televisheni vya bei rahisi visivyo na jina: Juni 2025 wapelelezi wa Marekani, FBI, walionya kwamba vingine huuzwa pepo akiwa tayari ndani. Kikikutaka uzime ulinzi wa Google Play, kirudishe dukani.

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, vijana wetu wawili watakaa chini ya mwembe kando ya ofisi kuwasaidia. Njoni na ruta zenu na karatasi zake. Wataanza na ile ya parishi, kwa maana nilibadili neno lake, kisha nikalisahau.

Wenu katika huduma,
Kasisi wenu