Mtuhumiwa, Mshtakiwa, Mkosaji

Lugha yetu inayo maneno matatu, mtuhumiwa, mshtakiwa na mkosaji, lakini vinywani mwa watu aghalabu yote hugeuka kuwa neno moja. Jambo hili lilinidhihirikia nilipokuwa nikifundisha ufahamu kwa makundi mawili ya wanafunzi nchini Malawi. Kundi la kwanza ni vijana wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaoishi katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa. La pili ni watu wazima wa mjini Lilongwe, yapata kilomita 45 kutoka kambini, ambao Kiswahili kwao ni lugha ya kigeni. Wote niliwapa habari moja, ile ya mwanariadha Asbel Kiprop wa Kenya.

Mnamo Agosti 2008, mjini Beijing, Kiprop, kijana wa miaka 19, alimaliza wa pili katika mbio za mita 1500 za Olimpiki, nyuma ya Rashid Ramzi wa Bahrain. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba Ramzi alikuwa ametumia dawa iliyokatazwa. Akanyang'anywa medali, na dhahabu ikamwendea Kiprop. Hivyo alikuwa bingwa pasipo uwanja ule kusimama kuusikiliza wimbo wa taifa lake. Baadaye alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, mwaka 2011, 2013 na 2015, na huo wa tatu aliupata katika uwanja ule ule wa Beijing. Julai 2015, huko Monaco, alikimbia masafa hayo kwa dakika 3 na sekunde 26.69. Wakati huo ni watu wawili tu katika historia waliokuwa wamepata kumzidi.

Novemba 2017, huko Iten, mkojo wake ulichukuliwa na kupimwa, ukakutwa na EPO. Hii ni homoni ambayo figo hutengeneza ili kuuamsha uboho wa mifupa uzalishe chembe nyekundu za damu. Madaktari huwapa wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Mkimbiaji mdanganyifu huitumia ili damu yake ichukue oksijeni zaidi. Habari zilipotangazwa Mei 2018 Kiprop alikana. Alisema kwamba alijulishwa mapema kuwa angepimwa, kwamba aliombwa fedha, na kwamba huenda sampuli yake ilichafuliwa. Wasimamizi walikiri kuwa kweli alijulishwa mapema, kinyume cha kanuni, lakini wakashikilia kwamba kosa hilo halikubatilisha matokeo. Aprili 2019 jopo la nidhamu lilimfungia miaka 4.

Vijana wa Dzaleka walimwachilia huru kwa sauti moja. Sikushangaa. Mahali wanapoishi, kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, palikuwa gereza ambamo utawala wa Kamuzu Banda uliwaweka watu bila kuwafikisha mahakamani. Hata jina lenyewe limebeba kitenzi cha Kichewa kuleka, yaani kuacha, kana kwamba kila aliyeletwa hapo tayari alikuwa na neno la kuacha. Tena wapo miongoni mwao waliorudishwa kambini kwa amri ya mwaka 2023 iliyowataka wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee. Mtu aliyezoea kushukiwa pamoja na kundi zima humwona kila mshtakiwa kuwa ndugu yake.

Lilongwe mambo yalikuwa kinyume. "Alidanganya tangu mwanzo," alisema mama mmoja, "hata ile dhahabu ya 2008 airudishe." Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Mimi sikubaliani na upande wowote. Kanuni ya michezo ni kwamba kilichokutwa mwilini mwako ni chako, hata kama nia yako haikuthibitishwa. Ni kanuni kali, lakini bila hiyo kila chupa ingekuwa na kisingizio chake. Hata hivyo hukumu ile ilihusu sampuli moja ya siku moja. Medali zake za awali hazikuguswa. Yule mama alitaka doa lirudi nyuma miaka 9, mahali ambapo hakuna chupa wala shahidi. Nakiri kwamba mimi nami siwezi tena kuzitazama mbio za Monaco kwa macho yale ya kwanza. Lakini shaka hiyo ni mzigo wangu mimi. Siwezi kumtwika mtu mwingine na kuuita kifungo chake.

Kwa wanangu wa Dzaleka jibu lilitoka kwao wenyewe. Binti mmoja aliuliza, "Mwalimu, na wale waliokuwa nyuma?" Darasa likanyamaza. Siku ile ya Beijing Mehdi Baala wa Ufaransa alimaliza wa nne, akaondoka uwanjani mikono mitupu. Alipoanguka Ramzi ndipo shaba ikawa yake. Kama watu wangemhurumia Ramzi hadi kukataa asichunguzwe, basi Baala ndiye angelipia huruma hiyo, na Kiprop mwenyewe pia.

Mwishoni niliwapa zoezi la kujaza mapengo: Kiprop aitweje uchunguzi ulipoanza, aitweje aliposimama mbele ya jopo, na aitweje baada ya Aprili 2019. Wengi wa Lilongwe waliandika "mkosaji" tangu pengo la kwanza. Wengi wa Dzaleka waliyajaza vizuri mawili ya mwanzo, la tatu wakaliacha wazi. Niliwakata alama wote.