Moyo Wote Kwa Nani?

Ijumaa jua linapoelekea kuzama, vijiji vingi vya Kisii na Nyamira, Kenya, hubadilika kujiandaa kwa Sabato. Nguo za kanisani zimepigwa pasi, kuni na maji vipo, mboga ya chinsaga imechemshwa ya kutosha hadi kesho jioni. Mkulima Msabato hachumi chai Jumamosi, hata majani yawe yanaendelea kukomaa. Si maigizo hayo. Anayekubali hasara kwa ajili ya anachokiamini amekwisha kusema jambo zito.

Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu mwaka 1911, Wasabato wakafuata Nyanchwa mwaka 1912. Septemba 1914 Wajerumani walipouvamia mji wa Kisii, misheni hizo mbili ziliporwa na wenyeji. Leo ni vigumu kumpata huko mtu asiyejiita Mkristo, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kuwa wanafunzi Wasabato waruhusiwe kuishika siku yao shuleni.

Mdenmark Søren Kierkegaard alilalamika katika karne ya 19 kwamba pale kila mtu anapohesabiwa Mkristo tangu kuzaliwa, kuwa Mkristo kweli ndiko hugeuka kuwa kugumu. Angepata la kusema Gusii, yaani Kisii na Nyamira. Mei 2008, watu 11, wengi wao vikongwe, walichomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wakauawa wanawake wanne wazee, wakidaiwa kumroga mwanafunzi wa sekondari.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba hiyo ni imani nusunusu: mguu mmoja kanisani, mwingine kwa mganga. Yanaeleza kidogo mno. Anayebeba petroli usiku kwenda kwa jirani hana nusu yoyote. Anaamini kwa moyo wote, ila anachokiamini ni nguvu za mchawi. Ukali wa imani, basi, hauthibitishi chochote. Kwa upande mwingine, yule baba katika Injili ya Marko aliungama mbele ya Yesu kuwa anaamini huku akiomba asaidiwe kutoamini kwake, na mwanawe akaponywa. Imani yake ilikuwa na nyufa, lakini alijua aipeleke kwa nani.

Mkristo hukiri kwamba Kristo yu juu ya kila nguvu. Akihitaji kumchoma bibi kizee ndipo apate usingizi, ameshaonyesha anamwogopa nani zaidi.

Mtu atajibu kuwa maneno hayo ni mepesi kwa asiyeuguza mtoto wa ugonjwa usioeleweka. Kweli, hofu hiyo ina sababu zake, na mara nyingine nyuma ya tuhuma kuna shamba linalomezewa mate. Lakini minong'ono ikishaanza, mjane anayetajwa huhitaji mtu wa kwenda naye polisi, au wa kumpa pa kulala usiku huo. Atakayemkaribisha anahatarisha paa lake mwenyewe, na si ajabu akafungua mlango huku mikono ikimtetemeka.